Kichwa cha Jodari

Kwenye karatasi ya kiwanda huitwa mabaki:
vichwa, miiba, mapezi, matumbo, ngozi.
Tani saba jana. Sita na nusu leo,
kwa sababu msumeno wa minofu ulikwama saa tano.

Minofu huondoka Sur kwa lori la baridi,
imefungwa vizuri kama bibi arusi.
Kilichobaki huletwa kwangu.

Mimi Zuwena binti Khalfan, zamu ya usiku,
nakipika, nakikamua, nakikausha,
nakisaga hadi kiwe unga wa rangi ya mchanga wa Wahiba.
Mafuta kwenye pipa la buluu. Unga kwenye gunia.
Protini sitini na nne kwa mia; majivu yamezidi kidogo.
Shafiqul anatia saini, anapiga chafya, anatia saini tena.

Harufu nayo haina zamu.
Hunifuata ndani ya gari, ndani ya ushungi,
huushinda udi, huushinda ubani wa Dhofar,
hukaa kwenye nywele kama mgeni asiyejua kuaga.
Shemeji yangu hufungua dirisha bila kusema neno.
Namsikia.

Mama alizaliwa Wete. Nilipomweleza kazi yangu
kisu kilimsimama juu ya kitunguu.
"Vichwa? Mnasaga vichwa?"
Kwao kichwa kilikuwa cha baba,
jicho la mtoto anayeinuka kitandani baada ya homa,
na shavu, hilo likigombewa kimya kimya.
"Basi hao wanaokula minofu mitupu
wamekula nini?"

Alhamisi akaja getini na ndoo yenye mfuniko.
Mlinzi akamwambia kwa Kiarabu: hizi taka, mama, hairuhusiwi.
Mama akamjibu kwa Kiswahili, jibu refu,
na yule kijana akaambulia neno moja tu: haramu.
Akafungua.

Akatoka na vichwa vinne.
Vingine mia tisa vilikuwa vimeshaingia kwenye chungu changu cha chuma,
midomo wazi, kama waliokatizwa maneno.

Miezi miwili baadaye, kuku wa Barka wameshakula magunia yetu.
Trei la mayai limefika dukani kwa Haroub.
Mama anakaanga moja, anakunja pua,
anainama, ananusa tena.
"Zuwena," anasema, "yai hili limepita kwenu."

Akalikamulia ndimu, kama samaki.
Akalila lote.