Mfuko wa Ndani

Binti kaja na kishikwambi mkononi,
jina lake Kadzo, viatu vimejaa vumbi la Mwembe Kuku,
akaketi kwenye benchi langu, juu ya vipande vya leso,
bila kuviona.
"Babu, maswali ni kumi na manne tu.
Jina lako haliandikwi."

Nikamwambia liandike.
Fundi Shebwana, cherehani ya miguu,
barazani kwa marehemu Bi Zuhra, Majengo,
mwaka wa thelathini na mmoja huu.
Akacheka. Hakuliandika.

Swali la kumi na moja:
"Kwa maoni yako, ufisadi ni tatizo kubwa kiasi gani?
Moja ni dogo sana. Tano ni kubwa sana."

Mimi, mwanangu, sihesabu kwa moja hadi tano.
Nahesabu kwa inchi.

Suruali ya askari wa kaunti, mfuko wake inchi sita.
Ndivyo kilivyokuja kielelezo kutoka ofisini.
Yule wa Jumatatu alitaka tisa,
"na kitambaa kizito, fundi, sarafu zinatoboa."
Nikashona.
Bwana wa leseni, yule mpole, msali safu ya mbele,
aliomba mfuko wa ndani, upande wa moyo,
usioonekana hata koti likifuliwa.
Nikashona.
Mmoja wa bandarini hakutaka mfuko wowote.
Nilimshangaa mwezi mzima,
hadi nilipokwenda Nyali kumpelekea mwanawe kanzu,
nikaiona nyumba.

Wao huiita chai. Chai gani isiyo na tangawizi,
isiyopoa, ambayo kikombe chake hakirudi?
Nasi tukaongeza majina yetu, tukayazoea:
kitu kidogo, ya soda, ya vocha, niangalie basi.
Hongo ni neno la redioni.
Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kutoa hongo,
kila mtu alimkata mwenziwe kiu.

Na usidhani nawatazama kwa mbali.
Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu
kilipotea miezi saba
ndani ya droo niliyokuwa nikiiona.
Mara ya kwanza nilikwenda na stakabadhi.
Mara ya pili, stakabadhi na subira.
Mara ya nne nikaenda na noti ya mia tano
imekunjwa kama hirizi.
Droo ikafunguka. Kumbe haikuwa na kufuli.
Nikarudi nyumbani nikiimba.
Hilo ndilo liniumalo, si pesa:
nilirudi nikiimba.

Karani mwenyewe ni Chengo, mtoto wa jirani,
nilimshonea sare ya darasa la kwanza.
Mamaye aliuza kiwanja cha Mtwapa ili aipate ile kazi,
sasa kijana anakinunua upya,
mia tano, mia tano,
kutoka kwangu na kwa wenzangu.
Nimwite mwizi? Kwenye msiba wa mke wangu
yeye ndiye aliyelipia turubai na viti.
Nikaketi.
Labda nilikalia pesa yangu mwenyewe.

"Babu," akasema Kadzo, "nina nyumba arobaini leo.
Ni ngapi? Tano?"

Nikamuuliza: na wewe, kazi hii uliipataje?
Akatazama chini. Sasa akaviona vile vipande vya leso,
akavikusanya, akavikunja kimoja kimoja,
akaviweka pembeni vizuri kuliko nilivyokuwa nimeviweka mimi.
"Tuendelee na la kumi na mbili."

La kumi na mbili lauliza kama naamini mambo yatabadilika.
Nikakanyaga cherehani kidogo, bila uzi,
sindano ikapanda, ikashuka.
Nikamwambia: wale wa mfuko wa inchi tisa,
mimi huwatoza shilingi hamsini zaidi.
Andika na hilo.

Akabonyeza mahali. Nikachungulia,
macho yangu bado yaona tundu la sindano.
Alikuwa ametia alama kwenye kisanduku cha mwisho, chini kabisa:
Hajui.