Jina la Ishirini na Nne

Betri tulizianika tangu asubuhi
juu ya bati la duka la Kyando,
maana jua la Luhasi mwezi wa sita
ni la mkopo, na riba yake ni baridi ya usiku.
Saa nne kasoro redio ikakohoa,
ikatema jina la kijiji chetu.

Jina letu, kutoka Dodoma!
Mzee Ngogo akavua kofia
kama mtu aliyepitiwa na jeneza, au bwana harusi.

Aliyelitaja ni mbunge wetu wa kaskazini,
Edina Luvanda, binti wa mchoma mkaa,
huku juu ambako kura zote
hazijazi debe.
Aliuliza: lini Luhasi itapata sekondari,
watoto waache kuvuka Mto Lumi kwa gogo moja,
waache kupanga vyumba huko bondeni,
wakipika wenyewe, wakilindwa na kufuli la shilingi elfu mbili?

Akajibiwa kwa sauti iliyonyoshwa kwa pasi:
kijiji kina kaya sitini na moja,
hakijafikia kigezo,
hata hivyo mchakato unaendelea.

Mchakato.
Ezina wangu, dumu la mafuta mkononi, akauliza ndiyo nini.
Nikamwambia: ni kuchemsha mawe, mwanangu.
Kuni zipo, maji yapo,
kuiva ndiko hakuna.

Viazi vyetu hupimwa kwa lumbesa,
gunia linavikwa kilemba cha gunia jingine
na mnunuzi anasema bado, ongeza.
Watoto wetu wakipimwa, mizani inageuka:
hawatoshi.

"Swali la nyongeza," akasema Edina,
lakini hakuuliza.
Alifungua karatasi, tukaisikia ikichakarika,
akaanza kusoma.
Shukrani Tweve.
Faines Mahenge.
Lutengano Kyando. Hapo mwenye duka
akaacha kupima sukari, kijiko hewani.
Alisoma bila haraka, kama mtu anayepanda mbegu
na hataki kurudia mstari.

Daftari lile nalijua.
Jalada lake nililigundisha mimi kwa uji wa ugali.
Mwalimu Stelia hulipanga kwa kimo,
wafupi mbele, warefu nyuma,
kwa hiyo nilikuwa nahesabu kwa vidole, navirudia vidole,
najua Ezina ni wa ishirini na nne.

Wa ishirini na mbili.
Wa ishirini na tatu.
"Mheshimiwa, muda wako umekwisha."
Akavuta pumzi ya jina linalofuata,
tuliisikia pumzi,
kipaza sauti kikafa.

Wakaingia kwenye swali la korosho.

Hakuna aliyezima redio.
Nilikuwa nawaza warefu wale waliobaki karatasini,
ambao suruali za shule zimewafika magotini,
wenye mwaka mmoja tu, au nusu,
kabla Makambako haijawameza na magunia yake.
Ndipo nikasikia mlangoni, si kwa kelele:
"Ezina Fungo."
Amesimama wima, dumu chini,
kama mbele ya mwalimu.
Kisha mwenzake akajitaja. Kisha mwingine.
Walipokwisha arobaini
ikatoka sauti nyuma ya mizani,
nzito, ya mtu mwenye vumbi la viazi kooni:
"Enea Sigala."
Enea hayumo daftarini. Aliacha shule mwaka juzi.
Hakuna aliyemwambia hayumo.

Edina alikuja mwezi wa nane,
gari kaliacha ng'ambo, kavuka gogo, viatu mkononi.
Wengine tulitazama nyuma yake kama kuna lori la saruji.
Hakuna.
Alikaa juu ya gunia pale dukani,
akaomba maji, akakunjua karatasi ile ile,
pembe zimeshalika,
akatoa kalamu:
"Niliishia kwa nani?"

Enea akasogea karibu.