Kanyaga, Shikilia

Saa moja asubuhi, Adenau. Theluji ya Aprili
inadondoka kutoka paa la gereji ya Reinhild.
Gari la mwanawe liko juu ya jeki,
magurudumu yamevuliwa kama viatu mlangoni.

Diski kuukuu zina nyufa nyembamba kama nywele,
na ukingo: pitisha ukucha, unakwama.
Pedi zimebaki unene wa sarafu.
"Mizunguko miwili tu, Mama," Thilo alisema jana.
Miwili.
Chuma hakijafunzwa kudanganya.

Anasukuma pistoni zirudi ndani, taratibu.
Anasugua kitovu cha gurudumu kwa brashi ya waya,
maana chembe moja ya kutu
itautetemesha usukani mzima kwenye mteremko.
Diski mpya anaishika pembeni kwa ncha za vidole,
kama sahani ya mgeni.
Anakaza boliti mpaka spana ilie ka!
Ya pili. Ka!

Kisha anamwita mtoto aje akanyage.
"Kanyaga. Shikilia. Achia."
Viputo vinapanda mpirani kimoja kimoja.
"Kanyaga. Shikilia."
Hawajazungumza kwa urefu huu tangu Krismasi.

Nguvu za farasi mia tano na kumi:
hizo alinunuliwa na baba yake.

"Kilomita mia mbili za kwanza, polepole,
pedi na diski zizoeane."
Anacheka, anapokea ufunguo.
Reinhild ananawa; weusi hautoki kwenye kucha.
Dirishani, gari linaikaribia kona ya kanisa.
Taa nyekundu zinawaka,
mapema kuliko kawaida yake.