Msoma Mita wa Ushoroba wa Saba

Kwenye hati za meli jina lake ni Neema ya Tano.
Sisi tuliofika twaiita Chumvi,
kwa ajili ya vumbi linalokata midomo
na kuacha ladha ya jasho la mtu mwingine.
Siku ya hapa ina saa sabini na moja,
na mshahara, soma mkataba wako, hulipwa kwa siku.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
sisi jembe tulipewa mlangoni,
kwa mkopo,
na mpini tukauziwa kando.

Kazi yangu ni kusoma mita.
Kila kitanda kina mshale wake,
na Idara ya Hewa inataka namba kabla ya king'ora cha pili.
Kucheka kunakula. Kulia kunakula zaidi.
Mzee Bair Dorzhiev alikufa akidaiwa
pumzi za kukoroma mwaka mzima;
deni limemwangukia mwanawe, aliye shimoni,
naye sasa hapumui bila kuhesabu.

Kitanda cha kumi na tisa:
Sesegma Tsybikova, mchomelea vyuma, mtu mmoja.
Mshale ulisema mtu mmoja na kidogo.
Nikagonga kioo kwa ukucha, kama tulivyofundishwa.
Mtu mmoja na kidogo.
Alisimama mbele ya sanduku la vifaa,
mikono imejaa makovu ya cheche,
hakuniomba kitu.
Sandukuni, chini ya glavu,
kile kidogo kilipiga chafya.

Nikaandika: mmoja.

Lakini hewa iliyoliwa lazima iwe na mlaji.
Nikaanza kujibana.
Nilijifunza kupanda ngazi kama aliyejitwika maji,
kulala chali, kuota vitu vya polepole,
barafu ya Baikali, ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu.
Nikawa napumua robo tatu,
robo nikimwachia mtu asiye na jina kitabuni.

Mwisho wa mwezi nikajumlisha.
Hesabu haikulingana: ilipungua.
Nikajumlisha tena, kwa vidole, kama mtoto.
Dashi wa jikoni, amepungua.
Mapacha wa Ochirov, wasiowahi kunyamaza, wamepungua.
Hata Zhargal mlinzi, anayelala na rungu lake.
Ushoroba mzima ulikuwa umejibana kimyakimya,
kila mtu akidhani yuko peke yake.
Haba na haba. Nikakaa juu ya ndoo, nikashusha pumzi,
kisha nikakumbuka, nikairudisha.

Gavana akatupongeza kwa kipaza sauti.
Nidhamu ya Saba ni kioo cha koloni, alisema,
na kwa kuwa imethibitika mtu anaweza kuishi kwa kidogo,
kuanzia keshokutwa atapewa hicho kidogo.
Kuna waliopiga makofi. Mikono ina mazoea yake.

Sitaki kusema tulisimama. Hatukusimama.
Midomo iligeuka rangi ya risasi,
na Tsydyp, aliyekuwa na pafu bovu,
tulimtoa kupitia lango la majivu
akiwa mwepesi kuliko buti zake.

Nasema tu kilichotokea zamu ya leo.
Sesegma alikuwa akifunga viatu. Mtoto, miezi minne,
akaona kamba ikicheza,
akacheka.
Hajafundishwa bei.
Akacheka tena, ufizi mtupu, mdomo wazi,
hewa ya watu wazima watatu ikaenda na kamba ya kiatu.
Mshale ukaruka, ukagonga ukingo, ukabaki ukitetemeka.
Nyuma ya bati mtu akaguna,
mwingine akapaliwa,
na kicheko kikahama kitanda hadi kitanda
kama chawa.

King'ora cha pili kinalia.
Nimelowesha ncha ya penseli ulimini.
Kitanda cha kumi na tisa, nimeandika: mita mbovu.
Cha ishirini: mita mbovu.
Cha ishirini na moja.