Wati Tano, Konde

Umeme umekatika tangu isha. Afadhali:
friji ya jirani imeacha kunikwaruza masikioni.
Betri ya pikipiki, waya juu ya mkarafuu,
wati tano. Taa ya banda la kuku hula zaidi.

Naita. Naita tena.
Wenye milingoti wananipita kama magari ya harusi.
Saa nane, daftarini watu tisa;
wa kumi nimempoteza kwa chafya.

Chumbani: "Shaame, mtege huyo panya!"
Panya ni kidole changu.

Kisha, chini kabisa,
kijiwe ndani ya chooko: Sapporo.
Nani? ananiuliza. Narudia.
Nani? Narudia polepole,
kama namsomesha mtoto alifu.
Kapata nusu ya jina, anga likafunga mlango.

Kanuni hazijui nusu mtu. Sikumwandika.

Alfajiri shindano limekwisha, umeme umerudi,
friji nayo imeanza kukoroma.
Nikabonyeza mara ya mwisho, si kwa alama:
nukta saba, vistari sita,
Pemba.

Kama yuko aliyejibu,
kajibia ndani ya friji ya watu.