Kangomba

Wiki ya sita nilipanda ngazi za utawala, Shangani,
nikajaza fomu, nakala tatu.
Somo: Takwimu.
Sababu: mistari miwili mitupu,
nami nilikuwa na msimu mzima wa kueleza.
Nikaandika "binafsi", mstari wa pili nikauacha.
Bwana Mkapunda akaupulizia muhuri pumzi, akagonga.
"Umewahi. Wiki ya saba ingekula kwako."

Nilishuka mwepesi, sikufichi.
Nililala usingizi wa mtu aliyelipa deni,
kumbe nimelihamisha tu.

Mama yuko Kitangari, korosho zake ghalani,
stakabadhi mkononi, hela bado njiani.
Mimi usiku nahesabu magunia kwa posho,
asubuhi naingia darasani na vumbi la katani kwenye nyusi.
Mwalimu anachora mchoro wa kengele ubaoni,
nami naisikia ikilia,
ile ya shule ya msingi, ya kwenda nyumbani.

Masomo yaliyobaki yalinikaa vizuri.
B, B, A, B.
Nikamwonyesha Nangomwa: unaona?
Akaendelea kumenya ming'oko.
"Umeuza kwa kangomba, dada."

Kwetu kangomba tunaijua:
mti ungali maua, unapimiwa kwa bakuli,
unapata hela ya chumvi na daftari,
msimu ukifika unautazama mkorosho wako
kama wa jirani.

Mwaka wa tatu nikautazama.
Utafiti haufunguki bila Takwimu,
Takwimu haifundishwi mpaka Novemba,
na mkopo hauijui Novemba ya mwaka wa nne.
Wenzangu wakavaa majoho.
Mimi ndiye niliyewapiga picha. Zilitoka safi.

Sasa nakaa safu ya mbele na watoto wa mwaka wa pili;
mmoja hujisahau akaniamkia shikamoo.
Leo mwalimu kauliza: sampuli ni nini?
Kimya.
Nikasema: gunia la kilo themanini,
unachoma bambo, unatoa konzi moja, unapasua,
kwa konzi hiyo unalihukumu gunia lote.
Darasa likageuka.
"Na ukichoma pabaya, Somoe?"

Nilikuwa na jibu la kwenye kitabu. Nikalitoa, akaridhika.

Nakala ya tatu ninayo bado, chini ya godoro.
Muhuri umefifia.
Ule mstari wa pili
bado unanisubiri.