Kuchambua

Babu alikata roho Jumatano, msimu umepamba moto,
na magunia matatu ya karafuu mbichi
yamesimama ukumbini kwetu, Mtemani, Weti.
Karafuu mbichi haingoji matanga:
ikilala na konyo lake, huvunda.
Basi wafiwa wakatandika jamvi kando ya mlango wa maiti,
wakakaa kuchambua.
Karafuu huku, konyo kule.
Nami, wa miaka tisa, nikawashikia kandili.

Mjomba Filimoni, Msabato aliyenyooka kama rula,
ndiye aliyeanza: nani atamwamsha mzee siku ya parapanda?
Mikaeli, akajijibu. Na Mikaeli si malaika kama wale wengine,
ni Mwana mwenyewe kwa jina la kazi.
"Barazani mnamwita Sheha,
akirudi kwake ni Baba Siti.
Je, hao ni watu wawili?"

Bibi Skolastika, rozari kiganjani, hakuinua uso.
"Wakuu ni watatu, kila mtu na zamu yake.
Wa upanga. Wa habari njema.
Na Rafaeli, aliyefuatana na kijana na mbwa safari nzima,
nyongo ya samaki ikarudisha macho ya baba yake."
"Huyo kwetu hayumo," akasema mjomba.
"Basi kwenu mtu akipofuka, mnamfanyaje?"

Karafuu huku, konyo kule.

Mwalimu Dunstan wa Anglikana alivua miwani, akaifuta kwa shuka.
Alisema ile nyota ya asubuhi iliyoporomoka,
ukiisoma polepole, ni mfalme wa Babeli,
mtu wa nyama na kiburi, mwenye kodi na farasi;
jina la shetani alibandikwa baadaye, kama stempu juu ya barua ya mtu mwingine.
Na kwa Ayubu, shetani anaingia mkutanoni mlango wa mbele,
kama mwendesha mashtaka aliyeajiriwa.

"Unamtetea!" Shangazi Yusta, aliyeokoka, akarusha konyo kwenye karafuu.
"Mimi nimemsikia kwa masikio haya, Machomane,
akimtoka mtu kwa sauti ya mbuzi.
Mbuzi huyo naye alikuwa mfalme wa Babeli?"

Tulicheka. Tulicheka, na babu amelala pale
na pamba puani.

Bi Mize wa Kombo akaingia na birika la tangawizi.
"Kwetu Ibilisi hakuwa malaika asilani," akasema akimimina,
"ni jini, kaumbwa kwa moto. Malaika hana ubavu wa kuasi."
Akampa kila mtu kikombe chake.
"Lakini mzee mnamzika wapi?"

Mikono ikasimama.

Maana babu alibatizwa na mapadri, huko bara,
akafunga ndoa kwa Waanglikana,
na Jumamosi zake za mwisho alizipa Wasabato,
kwa imani, au kwa sababu mjomba alikuwa na baiskeli.
Kila mmoja alikuwa na karatasi.
Kumbe usiku kucha tulikuwa tukigombea hiyo maiti
na kuita ugomvi wetu majina ya mbinguni.

Mwalimu ndiye aliyenong'ona, kama anayejisemea:
hata Mikaeli, awe nani awaye,
alipogombania maiti ya Musa na mwovu mwenyewe
hakuthubutu kutukana.
Alimwachia Mola amkaripie.
"Na kaburi la Musa," akasema bibi, "hadi leo halijulikani."
Hakuna aliyejua kama amekubali au amepinga.

Wana wa Bi Mize ndio waliochimba.
Sala zilikuwa tatu, shimo moja,
na shangazi Yusta alikemea pepo ambaye sikumwona.

Wiki ya pili, kituoni, mpimaji alizamisha mkono guniani,
akaibuka na konyo, na jingine, na jingine.
"Nani kachambua hizi?"
Tukatazamana.
Mjomba akamtazama bibi, bibi akamtazama mwalimu,
mwalimu akavua miwani.